Nyumba ya Amri na Nyumba ya Sanaa

Ukisafiri kutoka Tseikuru kwenda Nairobi, msomaji, utapita Kyuso na Mwingi, kisha utashika njia ya Thika hata uingie mjini. Je, umepata kujiuliza mwendo wa safari hiyo huhesabiwa kutoka mahali gani? Huhesabiwa kutoka katika jengo moja la mawe, lililo penye pembe ya Barabara ya Kenyatta na Barabara Kuu ya Uhuru. Si jengo refu, na mpita njia mwenye haraka aweza kulipita asilione. Lakini historia yake yastahili kujulikana.

Jengo hilo lilijengwa mwaka 1913, siku za utawala wa Waingereza. Kwanza lilikuwa afisi ya mambo ya wenyeji, na baadaye likawa afisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo watu waliandikishwa kuzaliwa, kuoana na kufa, hata Wazungu wakalitania kwa mambo hayo matatu. Mwafrika aliyefika mlangoni pake alikuja kusikiliza amri. Hakuja kustarehesha macho.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Miaka ishirini baadaye jumba refu la Nyayo lilikamilika kando ya jengo hilo, na kazi za mkoa zikahamia humo. Nyumba kuukuu ingaliweza kubomolewa, kwa kuwa ardhi ya mjini ina thamani kubwa. Haikubomolewa. Makumbusho ya Taifa yaliitunza, na mwaka 2005 ikafunguliwa kuwa nyumba ya maonyesho ya sanaa. Kuta zilizozungukwa na majalada zikatundikwa picha, na chumba cha katikati, chenye pembe nane na kuba juu yake, kikawa mahali pa watu wote.

Tangu mwaka 2013 huonyeshwa humo vitu vilivyokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Alipoacha siasa, bwana huyu alitumia mali yake kukusanya vinyago, nguo, mapambo, vitabu na stempu za Afrika, visije vikatawanyika ng'ambo. Aliiuzia Serikali nyumba yake ya Muthaiga akitumaini kwamba itakuwa chuo cha elimu ya Afrika. Ole, tumaini hilo halikutimia! Nyumba ilibomolewa, na Murumbi akafariki mwaka 1990 bila kukiona chuo chake.

Pima jambo hili, msomaji. Nyumba iliyokusudiwa kuwa ya elimu na sanaa ilipotea, na nyumba iliyojengwa kwa ajili ya amri ikapokea hazina ya mtu yule yule. Basi mawe hayana nia. Nia ni ya watu. Jengo huwa vile walio nalo wapendavyo liwe, na nia njema isiyolindwa huanguka pamoja na ukuta.

Wala si afisi tu ziwezazo kugeuzwa. Mwaka 2003 wasanii wa Nairobi walifanya ghala kuukuu la Barabara ya Dunga, katika eneo la viwanda, kuwa kituo cha sanaa kiitwacho GoDown. Wachoraji, wanamuziki na wacheza ngoma walifanya kazi chini ya paa moja. Aliyekosa chumba chake mwenyewe alipata mahali pa kazi, na aliyekosa mwalimu alijifunza kwa jirani.

Nasi wa Ukambani tusidhani kwamba mambo haya ni ya mji mkuu peke yake. Wachongaji wetu wana sifa, na viondo vya mama zetu vimevuka bahari. Mikono tunayo. Basi utakapoona nyumba ya zamani iliyoachwa tupu, usiharakishe kusema, "Na ibomolewe." Uliza kwanza ilifanya kazi gani, kisha uliza ni kazi gani iliyo bora yaweza kufanya sasa, na ni nani watakaoilinda.