Gitare na saa za mtoto

Bazazi hapa Kolwezi wanatuuliza: mtoto apige gitare saa ngapi kwa siku? Tuangalie historia yetu. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa mwaka 1930 kule Bunkeya, leo ndani ya Lualaba. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akarekodi wimbo wake "Masanga". Kidole gumba kilishika besi, cha shahada kikaimba. Vidole viwili tu! Wepesi ule hauji kwa fimbo, wala kwa siku moja ya juma. Nasi walimu tumenyang'anya batoto gitare nyingi, tukisema zinaharibu masomo. Tulikosea. Masomo yakiisha, nusu saa kila siku inatosha. Na mtoto akitaka kuendelea mwenyewe, tumuache.