Sandarusi, Chakazi na Vanishi Isiyoiva

Katika nchi ya Rungwe mvua ni mwenyeji. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na hata miezi ya mvua haba, tangu Juni hata Agosti, huja na baridi na ukungu. Seremala wa Ikuti apakaye vanishi mlango au kabati katika hali hiyo aweza kukuta, baada ya siku 4 au 5, kuwa kazi yake ingali inanata kama ulimbo. Vumbi limekwisha kushika, alama za vidole zaonekana, na gazeti lililowekwa juu halibanduki ila kwa kuchanika. Mwenye mali haikubali, na fedha ya mbao imekwisha kutoka mfukoni mwa fundi. Aghalabu lawama hutupiwa mvua. Lawama hiyo ina haki yake, walakini si haki yote. Maana tofauti ya kitu kilichoiva na kitu kinatacho ilijulikana katika Afrika ya Mashariki kabla kopo la vanishi halijapanda milima ya Rungwe. Maarifa hayo yalikuwa pwani, mikononi mwa wachimbaji wa sandarusi.

Msandarusi, ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa, huota katika misitu ya pwani tangu Kenya hata Msumbiji, na pia Madagaska. Utomvu wake hutoka penye jeraha la gome, ukaganda, ukaanguka, na hatimaye ukafukiwa na mchanga. Katika karne ya 19 watu wa Mrima, na Wazaramo miongoni mwao, waliutafuta kwa kuchimba mashimo mafupi, hata mahali ambapo mti wenyewe ulikuwa umekwisha kutoweka. Zamani ilidhaniwa kuwa sandarusi ya ardhini ni ya kale mno. Vipimo vya siku hizi vimeonyesha kuwa nyingi yake ina umri wa miaka mamia, au maelfu machache tu. Lakini muda huo watosha. Mafuta mepesi yaliyomo hupeperuka, chembe hushikana, na utomvu uliokuwa laini hukaribia kuwa jiwe.

Wamarekani wa Salem, katika Massachusetts, walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Taifa lao lilifanya mapatano na Seyyid Said mwaka 1833, na kwa miaka mingi merikebu zao zilichukua sandarusi kutoka Unguja pamoja na uchafu wake, ikaoshwa kwao kwa maji ya magadi. Ilipooshwa, sandarusi njema ilionekana ina vipele juu yake, mithili ya ngozi ya bata bukini aliyenyonyolewa manyoya. Hiyo ndiyo iliyotengeneza vanishi ngumu ya magari ya farasi na ya samani za fahari.

Lakini si kila utomvu wa msandarusi uliokuwa na ngozi hiyo. Richard Burton, aliyekuwa Unguja na Mrima mwaka 1857 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, alieleza kuwa sandarusi mbichi, ile ya mtini, Waswahili waliiita chakazi. Ulaya haikuthaminiwa. Ilipelekwa Bombay kufanyiwa vanishi duni, na nyingine Uchina. Wafanyabiashara wa kigeni walilitwaa neno chakazi wakalipotoa likawa jackass, yaani punda dume, na kwa jina hilo la dhihaka likaingia katika vitabu vya biashara. Ni ajabu kidogo, kwani katika neno lililodhihakiwa ndimo ilimokuwa elimu. Mchimbaji aliyesema chakazi alikuwa akisema kwamba kitu hiki na sandarusi ni asili moja, ila hiki hakijaiva. Wataalamu wa Ulaya walibishana juu ya asili hiyo, hata John Kirk, aliyeishi Unguja miaka mingi tangu 1866, alipoonyesha kuwa sandarusi ya ardhini na ya mtini hutoka katika mti wa namna moja. Masimulizi ya biashara humkumbuka mwenye merikebu, na humsahau mwenye jembe.

Huko viwandani sandarusi iliyeyushwa kwa moto mkali, upatao nyuzi 300 za sentigredi na zaidi, ndipo ikachanganywa na mafuta ya kitani, kisha tapentaini. Madini kama risasi au manganizi yalitiwa kidogo ili kuharakisha kukauka. Baada ya miaka ya 1920 utomvu wa viwandani ulianza kuchukua mahali pa sandarusi, na mashimo ya Mrima yakasahauliwa.

Nchi ya Rungwe haikuwa na haja ya vanishi hiyo hapo kwanza. Nyumba za Wanyakyusa, ambazo Joseph Thomson alizisifu sana alipopita mwaka 1879, zilikuwa za mianzi na udongo, na moshi wa mekoni ndio uliokuwa rangi yake na kinga yake. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika mwaka 1891 kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa, na pamoja na dini yakaja majengo ya milango ya mbao za kupasua, madawati na makabati. Ubao wa randa ulitaka kupakwa kitu. Kitu hicho kimekuja hata leo ndani ya kopo, pamoja na karatasi isemayo saa za kukauka. Saa hizo zimepimwa mahali penye joto la wastani na hewa kavu. Hazikupimwa Ikuti mwezi wa Aprili.

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili ambayo neno kukauka huyachanganya. Vanishi ya spiriti, na zile nyepesi za thina, hukauka kwa kuondokewa na kimiminika basi. Unyevu ukizidi, aghalabu hufanya ukungu mweupe. Vanishi ya mafuta haitosheki na hilo. Tapentaini ikisha kupeperuka, mafuta yenyewe hayana budi kunywa oksijeni ya hewa na kufungamana, na tendo hilo ni kuiva hasa. Baridi hulichelewesha sana. Unene wa rangi hulizuia, maana ngozi huiva juu na chini hubaki ubichi. Na yako mafuta yasiyoiva kamwe: ya nazi, ya mawese, na oili chafu ya magari ambayo mbao hupakwa ili kuzuia mchwa. Ubao ulionywa oili hiyo ukipakwa vanishi, jua la mwaka mzima haliponyi. Mafuta ya taa, yatumiwayo badala ya tapentaini kwa kuokoa senti, huondoka polepole mno. Tena ziko mbao zenye mafuta yao wenyewe, kama mpingo na msaji, zinazoweza kuizuia vanishi kuiva. Basi mvua huchelewesha, lakini mara nyingi mwenye kuzuia kabisa ni kitu kingine.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi liwe hili: je, kunata kunapungua? Kazi iwekwe ndani, mahali penye joto kidogo na hewa ipitayo, mbali na moto, na kila siku ijaribiwe kwa ukucha mahali pasipoonekana. Ikiwa alama ya leo ni ndogo kuliko ya jana, vanishi inaiva, na wiki moja au mbili si hasara. Ikiwa baada ya muda huo haikubadilika, ni chakazi, na kuipaka mkono mwingine juu yake ni kufunika ubichi kwa kifuniko. Iondolewe yote kwa kukwangua na kwa kitambaa chenye thina, kitambaa kikibadilishwa kila kinapojaa. Ubao ukaushwe, upigwe msasa, na vanishi mpya ijaribiwe kwanza juu ya kipande cha ubao ule ule. Kisha ipakwe nyembamba, na mkono wa pili usifuate mpaka wa kwanza ukubali msasa kwa kutoa unga mkavu. Penye ubao wa mafuta yake, ufutwe kwa thina na utangulizwe polishi ya spiriti, ili iwe ukuta katikati. Ubao uliokunywa oili chafu ni heri uwekwe darini.

Vitambaa vilivyotumiwa visifungwe furushi wala kutupwa kwenye pembe ya karakana. Mafuta ya kitani yanywapo oksijeni hutoa joto, na joto hilo, likikosa njia ndani ya furushi, laweza kuwasha moto usiku bila mtu kugusa kiberiti. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka viwe vikavu na vigumu.