Filimbi ya Dodoma, Kombe la Sumbawanga

Agosti 2, 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Watu wa Pito, nje kidogo ya mji, safari hii hawakuhitaji kusafiri mbali kuiona Simba. Simba iliwafuata kwao Ufipa, ikakutana na Namungo ya Ruangwa. Luis Miquissone na John Bocco walifunga kipindi cha kwanza, Edward Manyama akairudishia Namungo bao moja. Ikaisha 2-1, mnyama akabeba kombe.

Simba ilikuwa imeshalibeba kombe hilohilo kwa 2-1 miaka mitatu nyuma, Dodoma. Ushindi ule ndio uliozua maneno.

Mei 27, 2017, Uwanja wa Jamhuri, mpinzani alikuwa Mbao FC ya Mwanza, timu iliyokuwa kwenye msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Ilifika pale kwa jasho. Chini ya kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, ilikuwa imeing'oa Yanga nusu fainali pale CCM Kirumba. Dakika 90 zikaisha bila bao. Kwenye muda wa nyongeza Frederick Blagnon akaifungia Simba, Ndaki Robert akasawazisha, na kila mtu akaanza kuwaza matuta. Zikiwa zimebaki dakika za kuhesabu, mwamuzi akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kwenye nukta ya penalti. Shiza Kichuya akapiga, nyavu zikatikisika. Mbao hawakuukubali uamuzi ule, na VAR, mfumo wa video wa kumsaidia mwamuzi, haikuwepo kuuhakiki. Ubishi wa namna hii hauzeeki: bao la Geoff Hurst wa Uingereza katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 bado linabishaniwa kama lilivuka mstari.

Uzito wa penalti ile haukuwa kombe peke yake. Simba na Yanga zilimaliza ligi zikiwa na pointi 68 kila moja, Yanga ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Simba haikuwa imecheza michuano ya Afrika tangu 2013, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kombe hili, lililompa bingwa wake tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kichuya akaifungua. Mbao, iliyobakiza dakika chache kwenda kujaribu bahati kwenye matuta, ikarudi Mwanza mikono mitupu.

Namungo ilipoteza fainali ya Sumbawanga lakini ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika, kwa kuwa Simba tayari ilikuwa bingwa wa ligi. Mara yake ya kwanza kushiriki, ikafika hatua ya makundi. Msimu uleule wa fainali ya Sumbawanga, Mbao ilishuka daraja, ikitolewa na Ihefu kwenye mchujo.

Fainali inayobeba tiketi ya Afrika haifai kuachiwa jicho la mwamuzi peke yake. Shirikisho la soka nchini, TFF, limefanya vema kuzipeleka fainali mikoani. Popote linapozipeleka, VAR iende nazo.