Ambari: Tunu ya Bahari na Madai ya Tiba

Tangu zamani za kale bahari ya pwani yetu huwapa watu vitu vya namna mbili: vitu ambavyo mvuvi huvifuata kwa nyavu na madema, na vitu ambavyo bahari huvitupa yenyewe ufuoni bila ya kuombwa. Samaki ni wa aina ya kwanza. Ambari ni ya aina ya pili. Msomaji akisimama Likoni akatazama mlango wa Kilindini, au akitembea katika fuo za Kisauni wakati wa kusi, huona mwani, magogo na makome yaliyosukumwa na mawimbi. Zamani mtu aliyetembea katika pwani hii aliweza kuwa na tumaini jingine pia: kuokota donge la kijivu, jepesi kuliko maji, lenye harufu ngeni, ambalo bei yake ingemtajirisha.

Biashara ya ambari ni ya kale sana. Mwandishi wa Kichina, Duan Chengshi, aliyefariki mwaka 863, aliandika habari za nchi moja ya upande huu wa Afrika ambayo bidhaa zake zilikuwa pembe za ndovu na ambari. Baada yake alikuja al-Masudi wa Baghdad, aliyesafiri katika bahari ya Zanji hata kufikia mwaka 916 hivi. Yeye aliisifu ambari ya pwani hiyo kuwa ni katika zilizo bora. Alieleza kwamba nyangumi aliyemeza ambari hufa akaelea, na watu wa Zanji, ambao humngoja katika vyombo vyao, humtupia kulabu na kamba, wakampasua tumbo na kuitoa. Wareno nao, walioanza kujenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, waliitamani ambari kama walivyozitamani pembe.

Lakini ambari hasa ni nini? Juu ya swali hili wenye elimu walibishana kwa karne nyingi. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliona yamkini inabubujika kutoka chemchemi iliyo chini ya bahari. Wengine walidhani ni povu la maji lililoganda. Mwaka 1724 tu ndipo habari za wawindaji wa nyangumi wa Marekani zilipochapishwa London, kwamba wameiona tumboni mwa nyangumi yule mwenye kichwa kikubwa. Mwaka 1783 tabibu Franz Schwediawer alithibitisha kwamba ndani ya ambari mna midomo migumu ya ngisi. Nyangumi huyu hula ngisi kwa wingi. Midomo yao, iliyo mfano wa mdomo wa kasuku, haisagiki, na katika matumbo ya baadhi ya nyangumi hujengeka donge linaloizunguka. Wahenga husema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Ambari nayo yaelea, na muundaji wake ni tumbo la mnyama.

Tazama basi jambo la ajabu. Al-Masudi alidhani nyangumi huimeza ambari, na hapo alikosea. Lakini wavuvi waliompasua mnyama yule walijua mahali pa kuitafuta miaka mia nane kabla ya wataalamu wa London. Mkono uliokishika kisu uliitangulia kalamu.

Matumizi ya ambari yalikuwa mengi. Ilitiwa katika manukato ili harufu idumu. Ilichanganywa na udi ikafukizwa katika chetezo. Na katika nchi za Waarabu ilitiwa katika kahawa. Matabibu wa zamani waliitoa kwa kutia nguvu moyo na ubongo. Kisha Mjerumani Samuel Hahnemann, aliyeishi kutoka mwaka 1755 hadi 1843, akaiingiza katika tiba yake iitwayo homiopathi kwa jina la Ambra grisea. Hata leo huuzwa kwa jina hilo, na wauzaji husema inawafaa wenye haya nyingi, wasiwasi na kukosa usingizi.

Hapa hapana budi tupige hesabu. Katika homiopathi sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 99 za kitu kingine, kisha sehemu moja ya mchanganyiko huo na 99 nyingine, na kuendelea hivyo, mara nyingi hata mara 30. Baada ya mara 12 hivi, yamkini haibaki hata chembe moja ya ambari. Mgonjwa humeza sukari au maji. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la taifa la Australia lilichunguza majaribio mengi, nalo halikuona ugonjwa wowote ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homiopathi inauponya.

Yafaa tuitenge sifa ya kweli na sifa ya kudhaniwa. Harufu ya ambari ni kweli: pua huishuhudia. Habari za wavuvi zilikuwa kweli: kisu kilizishuhudia. Lakini tiba haishuhudiwi kwa ukongwe wa jina wala kwa ughali wa bei. Mgonjwa wa moyo wa Changamwe akiacha dawa ya hospitali kwa ajili ya vidonge vya sukari, heshima ya karne kumi haitamwokoa.

Nyangumi mwenyewe alikaribia kulipa deni kubwa, kwa kuwa aliwindwa mno kwa ajili ya mafuta yake. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na marufuku ya kuwawinda kwa biashara ikaanza mwaka 1986. Watengenezaji wa manukato wamekwisha jifunza kuifanya harufu inayofanana na ile kutokana na mmea. Basi kijana atakayepita ufuoni na aifurahie habari hii ya ambari, awaheshimu wavuvi waliotutangulia katika kuijua, na kila aambiwapo kwamba kitu fulani ni dawa, aulize kama walivyouliza wao kwa kisu: ndani yake mna nini?