Mdudu wa mpungate: Jinsi chakula kinavyotenga spishi

Katika malisho ya Oldonyiro, upande wa Kaunti ya Isiolo unaopakana na Laikipia, mmea mmoja wa kigeni umekuwa adha kubwa kwa wafugaji. Ni mpungate, ambao wataalamu huuita Opuntia stricta. Asili yake ni bara la Amerika, na uliletwa Dol Dol, Laikipia, enzi za ukoloni ili utumike kama ua. Nyani na ndovu hula matunda yake na kuzitawanya mbegu, na hata kipande cha shina kikianguka chini huota mizizi. Mbuzi na ng'ombe wanaoyala matunda hayo wakati wa kiangazi huchomwa na vimiba midomoni, machoni na tumboni, na wengine hufa.

Silaha iliyoleta matumaini dhidi ya mmea huo ni mdudu mdogo kuliko punje ya mchele. Anaitwa kochinili, na jina lake la kitaalamu ni Dactylopius opuntiae. Jike hana mabawa. Huchomeka mdomo wake katika shina la mpungate, akafyonza utomvu na kujifunika nta nyeupe inayofanana na pamba. Akipondwa, hutoa rangi nyekundu kama damu. Mmea unaoshambuliwa kwa wingi hunyauka, huanguka na kuoza. Wadudu hao waliingizwa Laikipia mnamo 2014 kupitia mpango ulioongozwa na shirika la utafiti la CABI.

Hata hivyo, si kila kochinili wa spishi hiyo angeweza kuifanya kazi hiyo. Wataalamu wa Afrika Kusini walitambua kwamba Dactylopius opuntiae ana koo mbili ambazo kwa macho hazitofautiki. Ukoo mmoja hustawi juu ya Opuntia stricta, na mwingine juu ya Opuntia ficus-indica, ule mpungate mkubwa unaolimwa kwa ajili ya matunda. Ukoo wa pili ulikuwa nchini humo tangu miaka ya 1930, lakini haukufaa kitu dhidi ya Opuntia stricta iliyokuwa imeivamia Mbuga ya Kitaifa ya Kruger. Mmea huo ulianza kushindwa mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya ukoo unaoupenda kuletwa kutoka Australia. Ukoo huo wa stricta ndio uliochaguliwa kwa ajili ya Laikipia.

Inakuwaje wadudu wa spishi moja wagawanyike hivyo? Jibu la kwanza limo katika kemia ya mimea. Kila mmea hujilinda kwa sumu, ngozi ngumu au utomvu wenye mchanganyiko wake maalumu. Mdudu anayezaliwa na uwezo wa kuushinda ulinzi wa mmea fulani huacha watoto wengi juu ya mmea huo, nao huurithi uwezo wake. Baada ya vizazi vingi, ustadi wa kula mmea mmoja huweza kuwa udhaifu mbele ya mwingine.

Jibu la pili ni ndoa. Jike wa kochinili akishajibandika juu ya mmea haondoki tena. Dume ana mabawa, lakini ni dhaifu, hali chakula na huishi siku chache tu. Kwa hiyo wengi hupandana juu ya mmea uleule waliokulia. Pale ambapo meza ya chakula ndiyo pia mahali pa kuoana, wenye chakula tofauti hukutana kwa nadra, na damu zao huanza kutengana ingawa hakuna mlima wala bahari kati yao.

Mfano mashuhuri wa hatua hiyo uko Marekani. Inzi aitwaye Rhagoletis pomonella alizoea tunda dogo la mti wa mwituni. Katikati ya karne ya 19 baadhi yao walihamia matofaa, tunda lililoletwa na walowezi kutoka Ulaya. Benjamin Walsh, mtaalamu wa wadudu, alidokeza katika miaka ya 1860 kwamba huo huenda ukawa mwanzo wa spishi mpya. Matofaa huiva wiki kadhaa kabla ya tunda la mwituni, na inzi wake nao hutoka mapema. Hadi leo makundi hayo mawili hayajatengana kabisa, lakini huchanganyika kwa kiasi kidogo tu.

Aliyekwisha kuifikia hatua ya mwisho yuko jirani, katika visiwa vya Ushelisheli. Ni inzi mdogo aitwaye Drosophila sechellia, anayetegemea tunda la noni. Asidi zilizo katika tunda hilo huwaua ndugu zake wa karibu, lakini yeye huvutwa na harufu yake na hutaga mayai humo. Akizalishwa na ndugu yake Drosophila simulans, madume chotara huwa tasa. Hapo hakuna tena koo mbili za spishi moja. Ni spishi mbili kamili.

Kochinili hajafika huko. Majaribio ya Afrika Kusini yalionyesha kwamba koo zake mbili zikikutanishwa huzaana, na machotara wa kizazi cha kwanza huweza kuishi juu ya mimea yote miwili. Hiyo ni hatari ya kweli. Mpungate wa matunda ni chakula cha watu na mifugo katika nchi nyingi, na nchini Morocco mashamba yake mengi yameangamizwa na kochinili tangu 2014.

Kwa wafugaji wa Isiolo, elimu hii ina maana tatu. Kwanza, ni lazima aina ya mpungate itambuliwe kabla ya mdudu kupelekwa, maana ukoo wa stricta hauwezi kutarajiwa kumaliza kila aina. Pili, vipande vya mpungate vyenye wadudu vikihamishiwa mimea mingine ya Opuntia stricta iliyo karibu, huharakisha kazi ambayo upepo ungeifanya polepole. Tatu, kochinili wa kutoka nje ya nchi asiingizwe bila kibali cha taasisi ya KEPHIS, hata akiwa na sura ileile. Nta ile nyeupe haionyeshi mdudu ni wa ukoo gani. Kinachoonyesha ni mmea anaoweza kuula.