Utafiti wa Profesa Chowning Ulivyobadili Sauti ya Vinanda vya Elektroniki

Utafiti wa Profesa John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuhusu namna kompyuta inavyoweza kuzalisha sauti za ala za muziki, ulikiingizia chuo hicho zaidi ya dola milioni 20 kupitia hataza, ingawa mtafiti mwenyewe aliwahi kunyimwa ajira ya kudumu chuoni hapo.

Chowning, aliyezaliwa mwaka 1934, ni mtunzi wa muziki kwa taaluma, si mhandisi. Mwaka 1964, baada ya kusoma makala ya Max Mathews wa Maabara za Bell iliyoeleza kuwa kompyuta inaweza kuwa ala ya muziki, alianza kufanya majaribio kwa kutumia kompyuta za Stanford.

Ugunduzi wake wa mwaka 1967 ulianzia kwenye mtikisiko wa sauti, kama ule unaopatikana mpiga fidla anapotikisa kidole juu ya uzi. Chowning alibaini kuwa mtikisiko huo ukiongezwa kasi kupita kiasi, sikio haliusikii tena kama mtikisiko, bali husikia sauti mpya kabisa. Kwa kutumia wimbi moja kubadili masafa ya wimbi jingine, aliweza kupata milio inayofanana na ya kengele, tarumbeta na ngoma. Awali, kila sehemu ya mlio ilihitaji wimbi lake, hivyo kompyuta ililazimika kufanya hesabu nyingi zaidi.

Chuo kiliupeleka ugunduzi huo kwa watengenezaji wa ogani nchini Marekani, lakini hawakuona manufaa yake. Kampuni ya Yamaha ya Japani ndiyo iliyokubali kuchukua leseni. Wakati huo Chowning alikuwa amekwisha kuondoka Stanford baada ya kukosa ajira ya kudumu. Alirejea mwaka 1975 akiwa mtafiti, na baadaye akawa profesa.

Hataza ilitolewa mwaka 1977 kwa jina la Stanford. Mwaka 1983 Yamaha ilizindua kinanda cha DX7, ambacho kilikuwa miongoni mwa vinanda vya elektroniki vilivyouzwa sana duniani. Mbinu hiyohiyo iliingia pia katika kadi za sauti za kompyuta na katika milio ya simu za mkononi.

Mrabaha uliopatikana ulisaidia kukiendeleza kituo cha utafiti wa muziki na akustika, kijulikanacho kwa kifupi kama CCRMA, ambacho Chowning na wenzake walikianzisha katikati ya miaka ya 1970. Muda wa hataza ulikwisha katika miaka ya 1990, na tangu hapo mbinu hiyo inaweza kutumiwa na yeyote bila malipo. Kituo hicho kinaendelea kufundisha wanamuziki, wahandisi na wanasayansi wa kompyuta chini ya paa moja.