Mahadhi Yaliyohama: Wimbo wa Runyenjes na Toba ya Joseph Kamaru

Msafiri atokaye mjini Embu akaishika barabara ya Meru, ile inayouzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki, hufika Runyenjes kabla hajauvuka mto Thuci, ambao ndio mpaka baina ya Waembu na jirani zao Wachuka. Juu ya mji, kuelekea msituni, ni mashamba ya chai, ambayo majani yake hupelekwa viwandani kama kile cha Rukuriri. Chini yake ni kahawa. Na chini zaidi nchi huteremka hata ikafikia ukame wa Mbeere. Mahali pa namna hii, penye soko na kituo cha magari, hapakosi kuwa mahali pa kusikilizana. Sikusudii kuandika historia ya mji mzima, kwani kazi hiyo yataka wasaa mwingi kuliko nilio nao. Nakusudia kufuata jambo moja tu, nalo ni jinsi mahadhi ya nyimbo yalivyokuwa yakihama kutoka uwanja mmoja hadi mwingine katika nchi hii, hata ukafika mwaka 1993, ambapo Joseph Kamaru, mmoja wa waimbaji mashuhuri kupita wote walioimba kwa Kikuyu, alitangaza kwamba ameokoka, na kwamba tangu hapo wimbo wake utakuwa wa Injili.

Kamaru hakuwa Mwembu. Alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, katika Murang'a, upande wa pili wa mlima. Lakini Kiembu na Kikuyu ni lugha za ukoo mmoja, na msemaji wa hii husikia ile bila mkalimani. Ndiyo maana santuri iliyotengenezwa Nairobi kwa wateja wa Murang'a na Nyeri ilinunuliwa Runyenjes pia, wala mnunuzi hakujiona kuwa anasikiliza wimbo wa wageni. Habari za toba yake zilipofika, zilipokewa huku kama habari za jamaa.

Kabla ya santuri, sifa ya wimbo katika nchi hii ilikuwa ya namna mbili. Iliyojulikana zaidi na wageni ni ile ya macho: ng'ambo ya Thuci, Wachuka walikuwa, na hata leo wangali, mafundi wa ngoma ndefu ambayo mpigaji huibana kati ya mapaja, akainama nayo na kuruka nayo, ngoma nyingi zikisema kwa pamoja, na huku kwa Waembu, vijana walicheza juu ya milonjo, yaani miti mirefu iliyofungwa miguuni, hata wapiga picha wa zama za ukoloni wakaifanya michezo hiyo kuwa kadi za posta. Ya pili ilikuwa ya masikio na akili, nayo ni gichandi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili heshima zaidi na ndiyo iliyopata heshima ndogo.

Gichandi ni jina la kibuyu na la ushairi wake kwa pamoja. Kibuyu hutiwa mbegu ili kilie kinapotikiswa, na juu ya ngozi yake huchorwa alama, ambazo humkumbusha mwimbaji mpango wa beti zake. Waimbaji wawili walikutana hadharani, aghalabu sokoni, wakafumbiana na kufumbuliana mbele ya watu, na aliyeshindwa kulifumbua fumbo la mwenziwe hukitoa kibuyu chake. Msomaji wa pwani hatahitaji kuelezwa sana, kwa kuwa Mombasa ya mshairi Muyaka bin Haji iliyajua majibizano kama hayo, ijapokuwa silaha ya huko ilikuwa karatasi na hati ya Kiarabu. Padre Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata aliyakusanya mafumbo hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1973, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimpa mwimba gichandi dhima ya kusimulia riwaya yake ya mwaka 1980, Caitaani Mũtharaba-inĩ. Lililo muhimu kwetu ni hadhi aliyokuwa nayo mwimbaji huyo: alikuwa mwenye hekima asiyetawazwa na mtu, aliyeruhusiwa kusema hadharani yale ambayo wengine waliyanong'ona.

Waingereza waliishinda Embu kwa silaha mwaka 1906, na mwaka 1910 wamisionari wa Kianglikana wakajenga kituo huko Kigari. Pamoja na kitabu cha sala kilikuja kitabu cha nyimbo, na mahadhi yake yalikuwa ya Kizungu kabisa: sauti nne zilizopangwa, mwendo wa polepole, na miguu imetulia sakafuni. Aliyebatizwa alitakiwa kuziacha ngoma. Sina budi kusema kwamba agizo hilo lilijengwa juu ya dhana moja isiyo na msingi, kwamba dhambi hukaa ndani ya mahadhi yenyewe. Kumbe mahadhi hukubali maneno yoyote yatakayotiwa ndani yake, kama chungu kikubalivyo chakula chochote. Wazawa walilijua hilo upesi kuliko walimu wao, wakalitumia.

Mwaka 1929, misheni zilipowataka waumini waape kuiacha tohara ya wanawake, ulizuka katika nchi ya Wakikuyu wimbo wa kucheza ulioitwa muthirigu, ambao beti zake ziliwatukana wamisionari, machifu na maofisa wa serikali kwa majina yao. Ukaenea haraka, maana kila kijiji kiliweza kuongeza beti zake chenyewe. Na serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Fitina hiyo ya tohara ilifika Embu pia, ikawagawa waumini, na katika mfarakano huo zikatoka shule na makanisa ya kujitegemea, ambayo yaliitaka Biblia bila kumtaka mmisionari. Miongoni mwa watu wa imani hizo mpya wamo Wakurinu, wenye vilemba vyeupe, ambao waliichukua ngoma iliyofukuzwa mlangoni mwa kanisa wakaiingiza katikati ya ibada. Yaliyomkasirisha mmisionari Kigari yakawa sala kamili kwa mwingine.

Safari ya kurudi ilikuwa ya ajabu zaidi. Baada ya vita vikuu vya pili, wapigania ardhi walihitaji nyimbo ambazo umati ungeweza kuziimba bila mazoezi, na kwa kuwa watu wengi walikuwa wamekwisha kufundishwa mahadhi ya kanisani, watungaji waliyachukua mahadhi hayo hayo wakayatia maneno ya ardhi na uhuru. Askari aliyesikia kwa mbali aliweza kudhani ni watu wa sala. Serikali ilipong'amua, vitabu vidogo vya nyimbo hizo vikapigwa marufuku, na Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Embu na Meru zikatiwa katika kamata-kamata iliyofuata, watu wakahamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa vilivyozungushiwa handaki, na wimbo ukawa ushahidi wa kumpeleka mtu kizuizini. Katika miaka hiyo hiyo walokole wa uamsho, ambao moto wao ulianzia Rwanda na Uganda, waliimba wimbo wao wa Kiganda wa kusifu, na baadhi yao wakakataa viapo vya wapigania ardhi hata kuuawa. Hivyo basi, kabla ya uhuru, wimbo ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka wa dini na siasa mara nyingi, ukienda na kurudi.

Uhuru ulileta fedha mkononi, na fedha ilileta santuri. Embu na Meru zilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza ambazo Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, nayo kahawa ndiyo iliyoleta redio na gramafoni katika nyumba za udongo. Pwani ilikuwa imetangulia zamani: Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kuimba ndani ya santuri, na kwa kuimba kwa Kiswahili taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, aliugeuza mwelekeo wa sanaa nzima. Bara nayo ilipata mageuzi yake. Kodiani na pete ya chuma, karing'aring'a, zilitawala kwanza katika dansi ya mwomboko. Kisha likaja gita.

Kamaru alikuwa mtu wa gita. Alifika Nairobi mwaka 1957, akafanya kazi za nyumbani kwa watu, akajinunulia chombo chake, na mwaka 1967 akapata sifa akiimba pamoja na dada yake, Catherine Muthoni. Lakini sifa yake haikutoka katika vidole, kwani wapo waliompita kwa ufundi. Ilitoka katika ulimi. Alitumia mithali na mafumbo ya wazee, akaonya, akakemea, akashauri juu ya ndoa na ulevi na adabu, na msikilizaji mwenye umri alitambua hapo urithi wa mwenye gichandi. Mwaka 1969 wimbo wake Ndari ya Mwarimu, uliowashutumu walimu wanaowatongoza wanafunzi wao, uliwaghadhibisha walimu wa nchi nzima. Mwaka 1975, mbunge J. M. Kariuki alipouawa, Kamaru aliimba maombolezo yenye lawama, jambo lililomtenga na wakubwa aliokuwa amekaa nao meza moja. Mwaka 1980 alisafiri Japani pamoja na Rais Moi, akarudi na wimbo wa safari hiyo. Na miaka kumi baadaye alikuwa upande wa wataka vyama vingi. Wanaomlaumu kwa kigeugeu wana hoja, ila mimi naona alifanya kama walivyofanya waimbaji wa kale, ambao walimsifu mtawala alipowapendeza na kumfumba alipowachukiza.

Mwaka 1990 kaseti ilikuwa imekwisha kuiondoa santuri sokoni, na jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko watu walivyodhani. Kaseti iliweza kunakiliwa chumbani, ikauzwa barabarani, ikachezwa ndani ya matatu. Mwaka ule zilitoka nyimbo mintarafu ya kubomolewa kwa kitongoji cha Muoroto, Nairobi, na mintarafu ya ghasia za Saba Saba za kudai vyama vingi, na polisi wakawakamata wauzaji. Mtaalamu wa Kimarekani Angelique Haugerud, aliyefanya utafiti wake katika wilaya ya Embu, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi siasa za wakati ule zilivyoendeshwa kwa mabaraza. Barazani raia alikaa akasikiliza; garini, njia nzima ya kurudi kutoka Nairobi, alisikiliza yale yasiyoweza kusemwa barazani.

Uchaguzi wa vyama vingi ulifanyika Desemba 1992, wapinzani wakagawanyika, Moi akashinda. Mwaka uliofuata Kamaru akatubu. Sisemi kwamba kushindwa kule ndiko kulikomtia katika wokovu, kwani siri ya moyo haina mwandishi. Nasema tu kwamba majira yalikuwa hayo. Kundi lake, Kamaru Super Stars, likavunjika. Kaseti alizotoa tangu hapo zilikuwa za Injili, na wasikilizaji wengi wa zamani hawakumfuata.

Kwa nini hawakumfuata? Jibu jepesi ni kwamba walipenda anasa, wakachukia mahubiri. Jibu hilo silikubali, maana watu hao hao walijaa makanisani Jumapili, na kaseti za Injili za waimbaji wengine ziliuzwa sana katika miaka ile. Na Kamaru hakuwa amepata kuimba bila kuhubiri. Wala mahadhi hayawezi kulaumiwa, kwani nchi hii ilikuwa imezoea kuyaona yakihama. Kilichopotea ni cheo. Kabla ya 1993 alikuwa mhubiri asiye na kanisa, mmoja wa wachache. Aliweza kumkemea mwalimu, mume, waziri na padre, naye hakuwa chini ya yeyote kati yao. Alipookoka alikuwa mhubiri mmoja katika maelfu, akisema maneno ambayo kila mwenye kipaza sauti sokoni Runyenjes aliyasema kila siku. Alibadilisha mwelekeo wa muziki wake kidogo sana, na akabadilisha mahali pake pa kusimama kabisa. Kama mtu, nafsini mwake alipata amani, na hilo ni lake; kama mtunzi, kwa hukumu yangu, alishuka.

Kamaru alifariki Nairobi tarehe 3 Oktoba 2018. Mjukuu wake, aitwaye Joseph Kamaru vile vile na ajulikanaye kwa jina la KMRU, amepata sifa Ulaya kwa muziki wa namna nyingine kabisa, usio na maneno, uliofumwa kwa sauti za mahali na za mitambo. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020, na pamoja na kazi zake amekuwa akizisafisha na kuzitoa upya kazi za babu yake. Hiyo ni kazi ya mjukuu mmoja kwa babu mmoja. Waimbaji wa gichandi, wapiga kodiani, na akina mama walioyajua mahadhi ya kanisani kwa maneno ya namna mbili, hawana wajukuu wenye studio. Nawasihi basi walimu wa shule za Runyenjes, ambao kila mwaka huwatayarisha watoto kwa ajili ya tamasha la muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wasitosheke na kuwafundisha watoto wimbo wa asili. Wawatume kwa wazee wakaulize wimbo huo uliimbwa wapi, na nani, na kwa maneno gani kabla ya haya, na majibu yaandikwe daftarini na kuwekwa katika maktaba ya shule.